Re: Kujaza risasi nyumbani, naanzia wapi?

Wakubwa, shikamooni. Niko Wisconsin, nina grini kadi. Nina bunduki ya .308 ya kuwindia kulungu mwezi wa 11, ila kila nikienda kulenga shabaha maboksi ya risasi yananimaliza. Nasikia wenyeji wanajaza upya wenyewe maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa. Kuna anayefanya hivyo humu?

---

Marahaba mdogo wangu. Mimi najaza, mwaka wa 6 sasa.

Afadhali umetaja grini kadi. Wenye viza za muda, wanafunzi kwa mfano, sheria ya shirikisho inawakataza kumiliki bunduki na hata risasi, ila kwa misamaha michache kama leseni halali ya uwindaji. Halafu jaza zako tu. Ukifanya biashara ya kuwauzia jamaa, hapo unatakiwa leseni ya mtengenezaji.

Kuokoa hela mwaka wa kwanza sahau. Presi (mashine ya kubania maganda), dai (kalibu ya chuma inayoingia kwenye presi), mizani na kalipa (ya kupimia urefu) vitakula akiba yote. Presi yangu ni ya mkono mmoja, kuukuu, na sioni haja ya nyingine. Baruti na fataki nunua dukani. Ukiagiza mtandaoni utatozwa ada ya mzigo wa hatari. (Fataki ni kile kidude cha kuwashia kitakoni mwa ganda, si wale wazee wa kurubuni wasichana wa shule, wa matangazo ya zamani ya redioni!)

Wengi tumekua tukiona wazee wakishindilia gobore, baruti inamiminwa kwa macho. Hilo liache kijijini. Baruti ya huku haina moshi na nguvu yake ni nyingine kabisa: inapimwa kwa greni, na greni 7,000 ndiyo ratili moja. Fuata kitabu cha vipimo cha mtengenezaji, anzia kipimo cha chini, panda kidogo kidogo. Mezani pawe na kopo moja tu la baruti, usije ukachanganya. Nikishajaza maganda yote kwenye kibao chake, namulika tochi ndani ya kila moja kuona baruti iko sawa, kabla ya kukaza vichwa vya risasi. Redio nazima. Simu iko jikoni.

Siku yangu ya kwanza nilikwama kwenye ganda la tatu. Ganda lililokwisha kupigwa huwa limetanuka, kwa hiyo unalipaka mafuta maalumu kisha dai inalibana lirudi umbo lake. Nikabania mafuta. Mkono wa presi ukashuka, haukupanda. Nikavuta kwa nguvu, kitako kikachanika, ganda likabaki ndani ya dai. Lilitoka baada ya kutobolewa kwa drili na kuvutwa na bolti, jioni nzima imekwisha. Lakini usipake kupita kiasi pia, mafuta yakijaa, bega la ganda (pale linapoanza kuwa jembamba kuelekea mdomoni) linabonyea.

Kila baada ya kubana, pima urefu. Ganda la .308 lisizidi inchi 2.015; likizidi, kata kilichozidi.

---

Shemeji, umesahau kumwambia kuhusu meza. Mume wangu alianzia kwenye meza ya kulia chakula. Fataki zina madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu, vumbi lake linabaki mikononi, na watoto wanakuja kula chapati palepale. Sasa yuko gereji, kabati lina kufuli, na haingii jikoni kwangu bila kunawa kwa sabuni.

---

Kweli shemeji, nimekosa. Mdogo wangu, uko upande gani wa Wisconsin? Kama si mbali na Madison, njoo Jumamosi na maganda yako, usinunue kitu kwanza.