Nimehamishiwa Pwani: nipange Mombasa au Kilifi?

Msafiri_wa_Bara
Salamu wanajukwaa. Nimepata uhamisho wa kazi kutoka Nakuru, naripoti mwezi ujao. Nipange nyumba Mombasa au Kilifi? Wengine wananiambia Mombasa ni joto na msongamano, wengine wanasema Kilifi hakuna kitu. Familia yangu inapenda mahali penye historia. Naomba ushauri wa kweli.

Kuze_Halisi
Ndugu, hujasema kazi yako iko wapi, bajeti yako ni ngapi, una watoto au huna, una gari au huna. Wauliza kama mtu aingiae dukani akasema "nipe nguo".
Lakini kwa kuwa wataka historia, jibu ni Mji wa Kale. Mimi nimezaliwa Kuze. Alfajiri wasikia adhana ya msikiti wa Mandhry, washuka ngazi, wapata mahamri na mbaazi hata uso hujauosha vyema. Fort Jesus iko hapo hapo, Mreno aliijenga 1593 hadi 1596, na UNESCO wakaitia kwenye orodha yao 2011. Kilifi muna nini? Minazi.

Mtwapa_Damu
Minazi na watu. Sensa ya 2019: kaunti ya Kilifi 1,453,787, ya Mombasa 1,208,333. Na hao wenu wamebanwa kwenye kilomita za mraba mia mbili na kidogo, sisi tuna zaidi ya 12,000. Sasa nani hana kitu?
Msafiri, njoo Mtwapa. Ukitoka Shanzu unavuka daraja tu, tayari uko Kilifi, na matatu za mjini ziko mpaka usiku.

MamaTausi
Za usiku ndizo tatizo, baba. Mimi nilikaa Mtwapa miaka miwili, muziki wa baa unaingia mpaka chini ya kitanda. Mwanangu alijua nyimbo zote kabla hajajua alifu. Kama ana watoto aende Kilifi mjini, kumetulia, upepo wa hori, chuo kikuu cha Pwani kipo hapo.

Nazi_Kavu
Mwenzetu ameuliza kupanga, lakini nitasema la ardhi, maana mtu wa bara akishaonja madafu miezi sita anaanza kuulizia ploti.
Mwaka 2016 nilinunua robo eka upande wa Kikambala. Dalali alikuja na kanzu nyeupe, tasbihi mkononi. Akanionyesha mawe ya mpaka, nikayaona. Akanionyesha nakala ya hati, nikaiona. Ofisi ya ardhi sikwenda kupekua, nikasema mzee mwenye tasbihi ile ataniongopeaje? Nikashusha mawe ya kujengea lori mbili.
Siku ya kuchimba msingi akatokea bibi mmoja na jembe lake. Hakupiga kelele. Alikaa kivulini akaniuliza, "Mwanangu, na hii minazi umeinunua kwa nani?" Minazi 11, aliipanda marehemu mumewe. Ndipo nikajua kwamba huku shamba laweza kuwa la huyu na miti ya yule. Mwenye hati halisi alikuwa Mombasa, hajamuuzia mtu hata kiganja. Dalali simu imezimwa. Wiki ya pili wakaja wanunuzi wengine wawili na nakala kama yangu, mpaka doa la chai liko pembe ile ile.
Mawe yangu yako pale hadi leo, mbuzi wanaota jua juu yake.

Kuze_Halisi
Pole sana. Lakini hilo si la Kilifi peke yake. Babu yangu alijenga kule Majengo, Mombasa, nyumba yake, kiwanja cha mtu. Alilipia kiwanja mpaka akafa.

Sabaki_Mto
Kuze umejisifu mahamri. Unga umeukandia maji ya wapi? Ya Baricho, Kilifi, kwenye mto Sabaki. Tukifunga mfereji mtachota visima vya chumvi.
Na historia msituambie. Malindi iko Kilifi. 1498 Vasco da Gama alifukuzwa Mombasa, Malindi akapokelewa kwa heshima akapewa na nahodha wa kumvusha mpaka Bara Hindi.

Kuze_Halisi
Na hilo wajivunia? Sisi tulimkataa mgeni mwenye mizinga, nyinyi mukamfungulia mlango. Tukaja kuchomewa mji 1505. Kisha Mreno akamtoa sheikh wa Malindi akamleta atutawale sisi. Twayakumbuka hayo.

Tanga_Raha
Wakuu, mimi niko Tanga napita tu. Jamaa ameuliza nyumba, nyie mko na Mreno.

Msafiri_wa_Bara
Samahani, nilikuwa safarini. Kazi iko Mariakani. Sina gari. Watoto watatu. Bajeti elfu 20.

Mtwapa_Damu
Mariakani!!! Bwana we, Mariakani yenyewe ni Kilifi!

MamaTausi
Siku tatu tunajibishana kumbe mtu yuko njia ya Nairobi. Basi futa Mtwapa. Utashuka mpaka Nyali, uvuke daraja, utokee Makupa, Changamwe, Miritini, Mazeras, na kila mahali lori zimesimama. Utafika kazini wenzako wanakunywa chai ya saa nne.

Sabaki_Mto
Kilifi mjini bado inawezekana, kuna lami ya Mavueni kupitia Kaloleni mpaka Mariakani, mjini Mombasa huingii. Ila kila siku ni mbali. Kaa Mazeras. Historia ipo, Rabai ni jirani, mmisionari Krapf alianzisha misheni pale 1846 na makumbusho yapo. Na kaya za Wamijikenda, ile misitu yao mitakatifu, UNESCO waliziorodhesha 2008.

Kuze_Halisi
Mazeras maji je?

Sabaki_Mto
Maji... nunua tangi kubwa.

Kuze_Halisi
Eh! Wenye mto hao.

Msafiri_wa_Bara
Asanteni. Mke wangu amesoma yote. Anauliza, Nyali ni Mombasa au Kilifi? Ameona picha.

Nazi_Kavu
Muonyeshe na hiyo bajeti. Na kama yupo anayetaka mawe lori mbili bei ya kutupa, aje, ila kwa bibi atakwenda mwenyewe.