Timu ya vijana kutembelea makaburi ya vita ya Ieper: twende kabla ya mashindano au baada yake?

SWALI – kocha wa raga ya vijana

Ndugu zangu, heshima kwenu. Ninaongoza timu ya raga ya wavulana wa miaka 16 na 17 iliyoalikwa kwenye mashindano nchini Ubelgiji. Ratiba imetuachia siku moja tupu kabla ya mechi ya kwanza, na alasiri nzima baada ya mechi ya mwisho. Wenyeji wetu wamependekeza tufike Ieper, mji ambao vitabu vingi huuita Ypres, tukaone makaburi ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia yaliyouzunguka.

Mimi natamani sana twende, ila viongozi wenzangu wana wasiwasi. Mmoja anasema vijana wa umri huo watachoshwa na mawe ya makaburi na kuishia kupiga picha na kucheka mahali pasipostahili kicheko. Mwingine anahofia kwamba huzuni ya mahali pale itawavunja nguvu kabla ya kuingia uwanjani. Naomba mliowahi kusafiri na timu mnieleze ni siku ipi inayofaa, tuwaonyeshe nini, na tuwaandae vipi ili ziara hii isiwe ya kujaza ratiba tu.

JIBU – mwalimu wa michezo

Kocha, nendeni, na msijaribu kuona kila kitu. Makaburi ya Tyne Cot, nje ya mji, pamoja na Lango la Menin, mnara wa kumbukumbu ulio mjini Ieper, yanatosha kabisa. Tyne Cot kuna makaburi yanayokaribia 12,000, na zaidi ya 8,000 kati yake ni ya askari wasiojulikana majina, ambao mawe yao yanasema tu kwamba Mungu anawajua. Ukutani nyuma yao yameandikwa majina ya wengine karibu 35,000 ambao miili yao haikupatikana au haikutambuliwa. Lango la Menin, lililozinduliwa mwaka 1927, lina majina zaidi ya 54,000 ya watu wa namna hiyo hiyo. Waelezeni vijana kwamba Lango, pamoja na ukubwa wake wote, halikutosha: waliopotea baada ya tarehe 16 Agosti 1917, wengi wao Waingereza, ilibidi waandikwe Tyne Cot.

Takwimu hizo, hata hivyo, hazimshiki kijana kwa muda mrefu. Kinachomshika ni mtu mmoja. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha yake kwenye intaneti, isiyolipiwa, inayoonyesha jina, kikosi, tarehe ya kifo, mara nyingi umri, na mahali hasa kaburi au jina lilipo. Wiki chache kabla ya safari, wapangeni wachezaji wawili wawili, kila jozi impate askari mmoja wa rika lao na kusoma habari zake, kisha mkifika wamtafute wenyewe. Nimeona vijana wakorofi kabisa wakitembea kimya mstari hadi mstari kwa sababu kuna mtu wanayemtafuta. Hofu ya kiongozi mwenzako kuhusu kicheko huisha hapo.

Kuhusu siku, mimi ningechagua ile ya kabla ya mashindano, wakati wachezaji hawajachoka wala hawajaumia.

JIBU – mpenzi wa historia ya raga

Naongeza jambo moja kwa kuwa ninyi ni timu ya raga. Magharibi ya Ieper, karibu na Poperinge, kuna makaburi ya Nine Elms, na humo amelazwa Dave Gallaher, nahodha wa kikosi cha New Zealand kilichozuru Ulaya mwaka 1905 na kupoteza mechi moja tu, ile dhidi ya Wales. Aliuawa tarehe 4 Oktoba 1917, akiwa na miaka 43, katika mapigano ya Passchendaele, kijiji kilicho karibu na Ieper. Kusini ya Ieper, huko Ploegsteert, yupo Ronald Poulton-Palmer, aliyekuwa nahodha wa Uingereza mwaka 1914. Aprili ya mwaka huo alifunga trai nne dhidi ya Ufaransa, na Mei 1915 akapigwa risasi na mdunguzi. Mwaka mmoja tu na wiki tatu hivi ulikuwa umepita tangu mechi ile.

Kama muda unabana, chagueni Gallaher. Wachezaji wako wanacheza mchezo ambao yeye alishiriki kuufikisha ulipo leo, na nadhani itawaingia zaidi kuliko hotuba yoyote.

JIBU – kocha mstaafu

Nakubaliana na wote wawili, isipokuwa kuhusu siku. Ziara ya kabla ya mechi ina hatari kubwa kuliko huzuni, nayo ni kishawishi cha sisi makocha kuwatumia marehemu kuwapandisha wachezaji mori. Lugha yetu ya michezo imejaa maneno ya vita. Tunasema adui, tunasema kufia uwanjani, na siku za kawaida hakuna anayeumia kwa maneno hayo. Lakini kocha anayesimama Tyne Cot akawaambia vijana wakacheze kama hawa walivyopigana anasema jambo lisilo kweli. Mapigano ya Passchendaele yalianza tarehe 31 Julai 1917 na kumalizika tarehe 10 Novemba, mstari wa mbele ukiwa umesogea takriban kilomita nane katika tope lililomeza watu na farasi, na ardhi hiyo ikaachwa tena mwezi Aprili 1918. Hapo hakuna funzo la ushindi la kubeba kwenda uwanjani. Nendeni baada ya mechi ya mwisho, wakati hakuna tena wa kushindwa wala wa kushinda.

Pili, fikeni Langemark pia, si mbali na Tyne Cot. Huko wamezikwa Wajerumani zaidi ya 44,000, na karibu 25,000 kati yao wamo katika kaburi moja. Kijana aliyeona upande mmoja tu ameona nusu ya msiba. Kama kwenye mashindano kuna timu ya Kijerumani, waombeni mfuatane nao.

Tatu, wachezaji wataambiwa kwamba Tume huwatendea marehemu wote sawa bila kujali cheo. Kwa makaburi ya Ubelgiji hilo linaonekana kwa macho, lakini wasiondoke bila kujua kwamba mwaka 2021 Tume yenyewe ilikiri kuwa askari na wapagazi wa Kiafrika na Kiasia wasiopungua 116,000 hawakukumbukwa kwa majina, au pengine hawakukumbukwa kabisa.

MAELEZO YA MWULIZAJI

Nawashukuru sana. Hoja ya kuwatumia marehemu kuwapandisha vijana mori imenigusa, na tutakwenda alasiri ya siku ya mwisho: Tyne Cot, Langemark, kisha Lango la Menin jioni. Nine Elms tutapita asubuhi ya kuondoka, basi likituruhusu. Limebaki suala la mavazi na la shada la maua.

JIBU – mwalimu wa michezo

Traksuti za timu zinakubalika, mradi ziwe safi na za namna moja. Kofia zivuliwe na mipira ibaki ndani ya basi. Sherehe ya Lango, ya kuwakumbuka marehemu, hufanyika kila siku saa mbili kamili usiku. Barabara inayopita chini ya Lango hufungwa, na wazima moto wa kujitolea wa mji hupuliza tarumbeta. Imekuwa hivyo tangu mwaka 1928, isipokuwa miaka ya ukaliaji wa Wajerumani kuanzia 1940 hadi 1944, ambapo ilifanyika Brookwood, Uingereza. Hakuna kupiga makofi, na waambieni mapema kwa sababu mikono ya wanamichezo huenda yenyewe. Ili kuweka shada ni lazima kuomba mapema kwa Last Post Association, chama kinachoendesha sherehe hiyo, na kutaja watakaolibeba. Chagua wachezaji wawili, asiwe nahodha peke yake. Wale chakula kabla, na mfike saa moja na robo, kwani watu hujaa na waliochelewa husikia tarumbeta bila kuona chochote.