Tupeane uzoefu: ulipokuwa unaanguka nani alikaa na wewe?

Mkulima wa Newala
Bwana asifiwe wapendwa. Msimu wa korosho ukianza lazima nikumbuke nilikotoka. Kwa wasiojua huku kwetu, korosho inaenda ghalani, bibo, lile tunda lake, linakamuliwa linakuwa uraka, pombe yetu ya kienyeji, wanaotaka kikali wanachemsha wanapata nipa. Mi nilikuwa kwaya, naimba besi Jumapili, Jumatatu nimelala chini ya mkorosho, na hela ya mnada ikiingia benki haifiki nyumbani.

Mzee mmoja wa kanisa hakunisema mbele za watu. Alikuja shambani saa kumi na moja jioni, ile saa yangu ya kwenda kilabuni, akasema twende tuokote wote. Kesho yake kaja tena, na kesho kutwa, na yeye ana shamba lake jamani. Siku nimemtoroka akanifuata hukohuko kwenye uraka, akakaa kwenye gogo kimya mpaka nikamaliza, akanisindikiza nyumbani. Iliniuma kuliko kufokewa. Sasa mwaka wa 4 sijagusa, na benki naenda na mke wangu, hilo pia alishauri yeye.

Kuombeana ni lazima sikatai ila mimi Mungu alinishika kupitia mtu aliyetoa jioni zake. Leteni na zenu, udhaifu wowote ule.

Mama Wawili, Masasi
Mimi ni mdomo. Nilikuwa nawatukana watoto mpaka majirani wanatoka nje. Kuna dada wa jumuiya yetu tulikubaliana nikipandwa na hasira nampigia kabla sijafungua mdomo, basi anapokea anasema "haya sema", namwagia yote yeye, nikimaliza ananiuliza mtoto kashakula? Hapo naishiwa nguvu kabisa. Bado nateleza lakini si kama zamani.

Boda Mikindani
Mi kubeti. Mikeka ilikula mpaka hesabu ya bosi. Nikamwambia ndugu mmoja nilosali nae, wiki hiyohiyo nakuta ishu yangu kwenye grupu la wasap eti "ombi la maombi", jina langu lipo na kiasi cha hela kipo. Nilikaa miezi 7 sikanyagi kanisani. Walionirudisha ni vijana wawili tu, hawakunihubiria, mmoja hadi leo jioni nampa hesabu yangu anitunzie.

Mkulima wa Newala
Pole sana mdogo wangu, hapo tulikukosea sisi kanisa. Yakobo 5:16 inasema tuungamiane na kuombeana, kutangazana haipo.

Wa Lindi
Mi sijapona, naomba niseme tu. Tangu mgawo wa minazi ya marehemu baba sisalimiani na dada yangu, mwaka wa pili huu, nashiriki meza ya Bwana moyo ukiwa hivyohivyo. Kila nikitaka kwenda kwake miguu inagoma. Mchungaji naona aibu kumwambia. Nimesoma ya huyo mzee na gogo nimelia.

Mama Wawili, Masasi
Dada wa Lindi usilie peke yako. Alhamisi nashuka huko kufuata mzigo wa samaki, nicheki pm unielekeze unapokaa. Siji kukusemesha, tutakunywa chai kwanza. Ukijisikia kwenda kwa dadako tutaenda wote, usipojisikia nitarudi tena wiki ijayo.