Magego dhaifu ya watoto: tuendelee na ganzi ya lidokaini au tuhamie ganzi ya artikaini?

Mleta mada, Ibanda: Wazazi na madaktari wa meno wa Bukavu, hebu tulizungumze. Gego la kwanza la ukubwani, linaloota karibu na miaka sita, kwa watoto wengine linatoka na madoa meupe au ya kahawia, kisha linamegeka. Si kosa la pipi. Enameli, lile tabaka gumu la juu la jino, haikukomaa, baridi inapenya, kiini cha jino kinakaa kimevimba. Ndiyo maana unamchoma mtoto lidokaini, mdomo unakufa, lakini mashine ikigusa jino anaruka. Kwa meno haya, nasema tuanze na artikaini.

Mama wa Kadutu: Wangu aliruka hivyohivyo, tukaambiwa ana woga. Woga gani, na shavu alikuwa halisikii?

Daktari wa meno, Nguba: Pole mama, mtoto alisema kweli. Lakini mleta mada, taratibu. Tafiti zilizolinganisha dawa hizi kwa watoto kwa jumla hazikuona tofauti kubwa ya maumivu wakati wa kazi. Lidokaini tunaipata, tunaijua.

Mleta mada: Tafiti nyingi kati ya hizo ni za meno ya kawaida, docta. Hapa tunasema jino lililovimba ndani. Artikaini inapenya mfupa vizuri. Gego la chini unaweza kulichoma kando tu, bila ile sindano ndefu ya nyuma ya taya.

Daktari wa meno, Nguba: Hilo la sindano ya nyuma nakupa. Sasa piga hesabu. Artikaini ni asilimia 4, karpuli, kile kichupa cha dawa ya sindano, ya ml 1.7 ina miligramu 68. Kikomo ni miligramu 7 kwa kilo, kwa hiyo mtoto wa kilo 20 anaishia 140: karpuli mbili, basi. Kliniki ngapi hapa zina mizani karibu na kiti? Aliyezoea lidokaini ya asilimia 2 ataongeza ya tatu bila kufikiri. Na chini ya miaka minne haishauriwi.

Mleta mada: Gego hili halioti chini ya miaka minne. Mizani inunuliwe.

Mama wa Kadutu: Mimi nauliza la nyumbani. Akitoka na ganzi, ale?

Daktari wa meno, Nguba: Hapana mama. Asubiri iishe, saa mbili tatu hivi, na umwangalie mdomo wa chini. Wanautafuna mpaka damu.