Naombeni ushauri: wakala anataka dola 2,800 ili mwanangu apate nafasi ya kikapu chuoni

MamaJabiri
Wakuu habari zenu. Naombeni ushauri, nimefika mahali sielewi.

Kwetu Tanga, ila naishi Houston mwaka wa 12 sasa, tuna ukaazi wa kudumu. Mwanangu yuko darasa la 11, futi 6 na inchi 3, ni gadi wa timu ya shule, yaani yule anayeuleta mpira na kuanzisha mashambulizi. Saa 11 alfajiri, kabla sijaondoka kwenda kazini, nasikia mpira unadunda uani. Mwezi huu wa Mei amepokea barua 4 za vyuo zikimwita kwenye kambi za kiangazi, na kila kambi ina ada yake. Sasa kuna bwana anajiita wakala. Anasema nikimpa dola 2,800 kabla shule hazijafungwa, atamtafutia ufadhili kamili Divisheni ya 1, ile ngazi ya juu ya michezo ya vyuo. Baba yake anasema tuachane na mpira, mtoto asome. GPA yake, yaani wastani wa alama, ni 2.6. Nilipe?

Kitwana_Gadi
Dada, usitoe hata senti. Mzee wangu alimlipa mtu wa namna hiyo nilipokuwa darasa la 12. Kazi yote aliyofanya ni kutuma baruapepe moja ileile kwa makocha kibao, wala hakujibu hata mmoja. Aliyeniokoa ni kocha wangu wa shule, bure kabisa. Alimpigia mwenzake wa chuo cha miaka miwili, nikacheza huko kwenye ligi ya NJCAA, kisha nikahamia Divisheni ya 2 na shahada nikaipata.

Hebu zitoe hizo barua uzisome tena. Zimemtaja kwa jina na kitu alichofanya uwanjani, au zimeandikwa "mpendwa mwanamichezo"? Barua za kambi hutumwa kwa maelfu. Kocha anayemtaka mtoto humpigia yeye mwenyewe, akaongea na mama, akaja kumtazama. Na kwa kikapu cha wavulana, makocha wa Divisheni ya 1 wanaruhusiwa kuanza kumtafuta tarehe 15 Juni akishamaliza darasa la 10. Kwa mwanao huo ni karibu mwaka mzima. Kama simu haijalia, msikate tamaa, ila angalieni na milango mingine.

MwalimuSalma
Mama Jabiri, mambo ya wakala yaache kwanza, angalia masomo, kwa sababu hapo muda unakwisha. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, inataka masomo 16 ya msingi. Kwa Divisheni ya 1, 10 kati ya hayo lazima yawe yamekamilika kabla hajaanza darasa la 12, na 7 katika hayo 10 yawe Kiingereza, hisabati au sayansi. Darasa la 12 likishaanza, alama za yale 10 zimefungwa, harudii tena ili azipandishe. Kiwango cha chini ni GPA ya 2.3, Divisheni ya 2 ni 2.2. Lakini ile 2.6 unayoiona kwenye ripoti siyo wanayoitazama wao. Wanahesabu masomo ya msingi peke yake, na kila shule ina orodha yake iliyoidhinishwa. Mtihani wa SAT wa kuingilia chuo siku hizi si sharti. Nenda shuleni wiki hii, mwombe mshauri wa masomo akufungulie orodha hiyo mbele yako, mpitie somo moja moja.

Upanga_Kikapu
Niko Dar. Hasheem Thabeet alitoka hapa hapa, akamalizia sekondari huko huko Houston, akaenda chuo cha Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa 2 NBA. Lakini yule ana futi 7 na zaidi. Urefu wa namna ile kocha anausafiria. Gadi wa futi 6 na inchi 3 wako wengi, kwa hiyo mwanao lazima aonekane kwa kazi yake. Mtengenezeeni video ya dakika 3, na mechi moja nzima isiyokatwa, maana kocha anataka kuona mtoto anafanya nini baada ya kupoteza mpira.

MamaJabiri
Nimerudi. Barua 3 kati ya 4 ni "mpendwa mwanamichezo". Na leo shuleni nimeishiwa nguvu: hisabati aliyosoma mwaka jana haimo kwenye orodha. Akiisoma aljebra ya pili kiangazi hiki, atafikisha zile 10. Nimemwandikisha hapo hapo.

BiMwanaidi
Hongera mdogo wangu, umewahi. Mwambie na shemeji mpira na masomo haviko mbalimbali. Wangu yuko Divisheni ya 3. Huko hakuna ufadhili wa michezo kabisa, lakini chuo kilitazama kipato chetu na alama zake, tukajaza FAFSA, ile fomu ya serikali ya kuomba msaada wa ada, na tunacholipa ni kidogo kuliko alichotakiwa kulipa chuo cha jimbo. Kwa kuwa mna ukaazi wa kudumu, nanyi mnaruhusiwa kuijaza. Siku hizi makocha wa Divisheni ya 1 wanachukua sana wachezaji waliokomaa wanaohama kutoka vyuo vingine, mtoto anayetoka sekondari anabanwa. Kijana aandike mwenyewe kwa makocha, kwa mkono wake, asikuachie wewe.

MamaJabiri
Ahsante dada. Wakala nimeshamwambia hapana. Jana usiku Jabiri ameandika barua 6, na baba yake ndiye aliyekuwa anamsahihishia. Jumamosi timu ya kiangazi ina mechi, nataka niirekodi yote. Simu niishike wima au kwa upana?

Kitwana_Gadi
Kwa upana. Kaa juu, usawa wa katikati ya uwanja, na usimfuate yeye peke yake, uwaonyeshe wote 10. Chaji betri usiku.