Mche mmoja umevuruga wastani wangu: niutoe au niuache?

Mdadisi:
Wakuu, habari zenu. Nina mradi wa sayansi kuhusu chumvi kwenye maji ya kumwagilia maharage. Nadharia tete yangu: hata chumvi kidogo inadumaza mmea. Viwango ni gramu 0, 2, 4 na 6 kwa lita, makopo matano kila kiwango, mche mmoja kila kopo. Udongo ule ule, maji kipimo kile kile. Gramu 4 na 6 zimedumaa waziwazi. Kimbembe kipo hapa (urefu kwa sentimita):

Gramu 0: 14, 15, 15, 13, 14. Wastani 14.2
Gramu 2: 14, 15, 13, 16, 2. Wastani 12

Ule wa sentimita 2 nikiuacha, nadharia yangu inasimama. Nikiutoa, wastani unapanda hadi 14.5 na nadharia inayumba. Mwenzangu anasema tuuache, tuchore chati ya duara, tumalize. Nifanyeje?

Bi_Maabara:
Weka kikokotoo chini kwanza. Huo mche ulipatwa na nini?

Mdadisi:
Ulikatwa na sota, yule kiwavi anayekata miche, karibu na udongo, dada. Niliandika kwenye daftari siku ile ile.

Bi_Maabara:
Basi sababu unayo, na uliiandika kabla hujapiga hesabu. Utoe kwenye wastani, usiutoe kwenye ripoti: taja namba, taja sota, onyesha wastani wote wawili. Ungekuwa mfupi tu bila sababu yoyote, ungebaki. Na usiandike "gramu 2 hazina madhara". Miche minne haitoshi kusema hivyo. Andika hukuona tofauti.

MzeeWaNamba:
Weka na namba ya kati, ile inayoangukia katikati ukipanga vipimo kuanzia kidogo hadi kikubwa. Gramu 2 ukiwa na mche ule ni 14, gramu 0 nazo 14. Wastani umevutwa na mche mmoja tu.

Chati ya duara achana nayo kabisa, hiyo ni ya mafungu ya kitu kizima. Urefu wa miche ni fungu la nini? Chora nukta, kila mche nukta yake: chumvi mhimili wa chini, urefu mhimili wa wima, vipimo viandikwe. Mwaka 1973 mwanatakwimu Francis Anscombe alitunga seti nne za data zenye wastani ule ule na karibu mstari ule ule wa mwelekeo. Ukizichora, moja imetawanyika kufuata mstari, nyingine imepinda, nyingine ina nukta moja iliyojitenga. Jedwali la wastani lisingekuonyesha.

Kijana_wa_Grafu:
Mwenzako aking'ang'ania chati, basi iwe ya nguzo, na nguzo zianzie sifuri. Mkianzia 14, nguzo ya 14.5 itaizidi ile ya 14.2 zaidi ya mara mbili, na msomaji ataapa chumvi ni mbolea 😂

Bi_Maabara:
Mdadisi, hukutaja mwanga. Makopo uliyapangaje?

Mdadisi:
Kwa safu. Gramu 0 dirishani, halafu 2, 4, na 6 ndani kabisa.

Bi_Maabara:
Aisee! Hiyo ni kubwa kuliko sota. Kadiri chumvi ilivyoongezeka ndivyo mwanga ulivyopungua, sasa utajuaje kilichodumaza gramu 6? Kama muda upo, rudia, na nafasi za makopo zipangwe kwa bahati nasibu. Kama haupo, liandike hilo kwenye mapungufu ya utafiti, aya ya kwanza.

Mdadisi:
Wiki tatu zipo. Naloweka mbegu leo.