Mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu): majina hayalingani na baba ni marehemu, tuanzie wapi?

mjomba_wa_singida: Wakuu, mpwa wangu anasubiri dirisha la mkopo lifunguliwe. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Husein, cha kidato cha nne Hussein. Baba yake ni marehemu, tulichonacho ni kibali cha mazishi tu.

KarateWaMafaili: Anzeni na cheti cha kifo, ndicho kinachochelewesha. Kibali cha mazishi si cheti. Hakihakikiwi RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, na bila uhakiki uyatima wake hautahesabika kwenye maombi. Nendeni ofisi ya RITA ya wilaya alikofia marehemu, na hicho kibali pamoja na barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Kikitoka, kipandisheni eRITA, mfumo wao wa mtandaoni, kihakikiwe pamoja na cha kuzaliwa. Skani cheti chenyewe, si kivuli chake, na si picha ya simu iliyopigwa mezani usiku. Muhuri usiposomeka kinarudishwa. Msingoje dirisha, uhakiki unafanyika hata leo.

Bi Shuwea: Kuhusu jina: mfumo wa mkopo, OLAMS, unamtambua mwombaji kwa namba ya mtihani wa kidato cha nne, kwa hiyo Hussein wa NECTA (Baraza la Mitihani) ndiye atakayesimama. Mwoneni wakili aandae hati ya kubadili jina, isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Kama hajajiandikisha NIDA (kitambulisho cha taifa), amalize hili kwanza asije akapata jina la tatu. Je, alirudia mtihani? Kama ana namba mbili, ile atakayoombea chuo ndiyo hiyohiyo ya mkopo. Wengi wanakwama hapo, mkopo unashindwa kuukuta udahili.

mjomba_wa_singida: Hakurudia. Mdhamini anaweza kuwa mama yake?

KarateWaMafaili: Ndiyo, awe na namba ya NIDA na picha ya pasipoti. Ada ya maombi ni shilingi 30,000, mnalipia namba ya malipo inayotolewa na mfumo. Fomu ikishajazwa mnaichapisha: asaini mwombaji, mdhamini, kiongozi wa mtaa na muhuri wake, kisha wakili au hakimu. Angalieni muhuri usifunike sahihi. Kurasa zenye sahihi zinapandishwa tena mfumoni ndipo mnatuma. Ukishatuma, huwezi kurekebisha mpaka Bodi ifungue dirisha la marekebisho.

pemba_mwanzo: Wa kwangu kazaliwa Wete, eRITA inamkataa.

Bi Shuwea: Vyeti vya Zanzibar vinahakikiwa ZCSRA, wakala wa usajili wa Zanzibar, ndugu yangu.